Wifi na Bawabu

Mchapaji alirudi kutoka dukani akakuta kompyuta yake imepasuliwa juu ya meza ya kulia chakula. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa kimeegemezwa kwenye kiti, skrubu zimewekwa kwenye kisahani cha kikombe chake cha chai, na vumbi la miaka limetapakaa kwenye kitambaa cha meza alichokifua jana tu. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa ameiinamia ile kompyuta akiwa na brashi ya kupakia rangi, anasugua panga za feni moja moja kama anayemsafisha mgonjwa meno. Hakuinua uso.

"Hiyo ni yangu," Mchapaji alisema.

"Ilikuwa stoo, inaliwa na panya."

"Hata ingekuwa jalalani. Ni yangu."

"Nilimuuliza mwenye nyumba," Wifi akajibu, kisha akaomba kitambaa kikavu kama kipo karibu.

Mwenye nyumba alikuwa Dereva, mume wa mmoja na mdogo wa mwingine, ambaye saa hiyo alikuwa barabarani na basi la wafanyakazi wa kiwanda. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, na kodi ya mwaka ule ilitoka zaidi kwenye vidole vya mkewe kuliko kwenye usukani wake, ila jambo hilo halikuwa likisemwa mle ndani. Mchapaji aliinunua kompyuta ile kabla hajaolewa, akajifunzia kuchapa mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Aliuliza kama mafaili yake yamehifadhiwa mahali. Wifi akamwambia diski imeshafutwa, Dereva alisema hamna cha maana. Mchapaji akabaki amesimama na mfuko wa sukari mkononi, akijaribu kukumbuka kilichokuwamo. Picha za darasa la uchapaji, barua za kuombea kazi, labda na picha za mama yake akiwa bado mzima. Hakuwa na hakika. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata hicho cha kulalamikia hakukijua sawasawa.

Yote yaliletwa na kamera. Dereva alikuwa amenunua kamera ndogo ya bei ya chee, yenye kichwa kinachozunguka, akaifunga sebuleni juu ya kabati ili akiwa kazini aione nyumba yake kwenye simu. Siku moja binti yao, msichana wa darasa la sita, alikuwa anafanya hesabu mezani, kamera ikamsemesha. Sauti ya mwanamume asiyemjua ilimuuliza mbona gauni lake la kijani limechanika begani, na mama yuko wapi. Mtoto alidhani ni rafiki wa baba. Akajibu kwa adabu kwamba mama yuko jikoni. Mama alipotoka jikoni alimkuta binti yake anazungumza na kabati.

Siku hiyo hakuna aliyekula. Wifi alikuwa ametunza kompyuta za ofisi moja kubwa kwa miaka mingi, mpaka ofisi ikapunguza watu na yeye akaja kukaa kwa mdogo wake "kwa muda". Aliieleza familia kwamba kamera ile imetoka kiwandani na nywila isiyobadilishika, na yeyote duniani anayeijua aina yake anaweza kuingia. Alishauri itupwe. Dereva akakataa katakata, ameinunua, haitupwi. Basi Wifi akasema, kama haitupwi, itabidi mtandao wa nyumba uwekewe mlinzi mlangoni, na kompyuta ya stoo inatosha kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo Mchapaji hakuwa na la kupinga. Kupinga kungekuwa kumpinga mtoto wake. Alitoa kitambaa kikavu, akakitupia mezani badala ya kumkabidhi mtu mkononi.

*

Kwa haki yake, Wifi aliijua kazi. Alizunguka kwa wauza vipuri chakavu mpaka akapata kadi ya pili ya kuchomekea waya wa mtandao, kwa kuwa mlinzi wa namna hiyo lazima awe na milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Akaipandisha programu ya ulinzi kutoka kwenye flashi. Waya mmoja ukatoka kwenye kisanduku cha kampuni ya mtandao ukaingia mgongoni mwa kompyuta. Wa pili ukatoka kwenye kompyuta ukaenda kwenye rauta inayousambaza mtandao nyumba nzima. Cha nje kikitaka kuingia bila kuitwa, kinarudishwa. Kamera ikaachiwa kuonekana mle ndani tu. Nje haikuwa na njia. Dereva alinung'unika kwamba sasa hawezi kuiona nyumba akiwa kazini, lakini alipomtazama binti yake akanyamaza. Binti ndiye aliyeipa ile kompyuta jina. Aliiita Bawabu, na jina likaganda.

Bawabu aliwekwa kwenye kona ya sebule, chini ya dirisha, akawa anavuma kutwa kucha kama jokofu bovu na kupuliza joto miguuni mwa aliyekaa karibu. Aliyekaa karibu alikuwa Mchapaji, kwa kuwa meza yake ya kazi, yenye kompyuta yake mpya, ilikuwa hapohapo. Nywila ya Bawabu aliijua Wifi peke yake.

Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Mtu aliyekuja na begi moja na kulalia godoro la chini chumbani kwa mtoto, sasa hakuna aliyefungua ukurasa pasipo yeye kujua. Binti akitaka masomo ya mtandaoni yaliyozuiwa kimakosa, anaambiwa asubiri shangazi amalize chai. Mchapaji aliponunua simu mpya, ilibidi ampelekee Wifi ili iandikishwe kwa Bawabu. Wifi aliigeuza simu mkononi, mbele na nyuma, akauliza bei, akaambiwa, akasema, "Mnajiweza." Kisha akaiweka kando mpaka amalize kusoma gazeti. Mchapaji alisimama akingoja kama mtu aliyepeleka barua ya maombi.

Dada wa Mchapaji alimpigia simu siku moja, akauliza wifi ya nyumbani inaendeleaje siku hizi. Mchapaji akamuuliza ipi, yenye mdomo au isiyo na mdomo. Walicheka mpaka wakakosa pumzi. Mchapaji alipogeuka, Wifi alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Jioni ile mvua ilipokuja ghafla, nguo zote zilianuliwa kambani isipokuwa za Mchapaji.

Baada ya hapo waliishi kwa kupishana. Mmoja akiingia jikoni, mwingine anakumbuka kitu chumbani. Wakilazimika kusemeshana bado waliitana "wifi", kama desturi ya neno inavyotaka, lakini kila mmoja alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

*

Kazi ya Mchapaji ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari wa hospitali ya nchi ya mbali na kuzigeuza maandishi. Sauti hizo zilikuja jioni, kwa kuwa jioni ya huku ndiyo saa ambayo madaktari wa kule humaliza kuwaona wagonjwa. Kwa hiyo jioni zake zote alikaa na visikizio masikioni, uso ukutani, vidole vinakimbia. Chakula alipakua mapema na kukifunika.

Bawabu hakuwa amemaliza hata mwezi ukurasa wa kazi ulipoanza kumkatalia Mchapaji. Giza likiingia tu, unazunguka, unazunguka, kisha unasema haupatikani. Asubuhi unafunguka bila tatizo, lakini asubuhi sauti zimeshagawiwa kwa wachapaji wengine. Kurasa nyingine zote zilifunguka muda wote. Kazi ile haikuruhusiwa kufanywa kwa bando la simu. Aliipigia kampuni ya mtandao, akaambiwa laini yake ni nzima. Msimamizi wake, mwanamke mpole ambaye hawakuwahi kuonana, aliandika kwanza kumuuliza kama anaumwa. Mara ya pili aliuliza kama bado anaitaka kazi. Mara ya tatu hakuuliza. Alimwondoa kwenye ripoti za chumba cha upasuaji, zenye malipo mazuri, akampa ripoti fupi za kliniki.

Mchapaji alimwendea Wifi. Mara ya kwanza alimwambia kwa mzaha kwamba huenda Bawabu amelala kazini. Mara nyingine alimwambia akiwa amesimama, bila mzaha. Mwishowe alimpashia chai, akampelekea, akamwomba. Kila mara Wifi alijibu neno moja, "Nitaangalia," na kila mara alilisema huku akitazama pembeni.

Kisha Mchapaji akalileta jambo mezani mbele ya mumewe. Wifi alimtazama mdogo wake. Dereva alikuwa anaipuliza chai iliyokwisha kupoa. Alisema mashine nazo zina siku zake, hazilazimishwi. Halafu akamshika mkewe mkono.

"Kwani lazima kila jioni? Pumzika kidogo, mke wangu. Kula na sisi."

Maneno hayo yalimlainisha. Katika nyumba ambayo hata kompyuta ilimgeuka, aliona amebakiwa na mtu mmoja wa upande wake. Jioni hiyo aliviacha visikizio, akamkanda mumewe mabega. Chuki yote iliyobaki akaikusanya akaipeleka kwa Wifi. Alimwambia dada yake kwenye simu kwamba huyu mwanamke amekosa kazi, sasa anataka wakose wote. Safari hii hakugeuka kuona kama kuna mtu mlangoni.

*

Ujumbe wa mwisho wa msimamizi ulifika mchana. Ulikuwa mfupi na wa heshima: kazi ya leo isipotumwa leo, nafasi yake itapewa mtu mwingine.

Dereva alikuwa zamu. Wifi alikuwa amevaa blauzi yake ya ofisi, akaenda kuhojiwa kwenye duka moja la kompyuta. Mchapaji alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Giza lilipoanza kuingia, ukurasa ukazunguka kama kawaida yake, ukasema haupatikani.

Mchapaji akamtazama Bawabu. Alikuwa ameona kila kitu siku kilipochomekwa. Hakuwa mjinga wa waya. Alipiga magoti, akaupapasa mgongo wake wa moto, akauchomoa waya unaotoka kwenye kisanduku cha kampuni na kuuchomeka moja kwa moja kwenye rauta. Taa zilipepesa. Aliporudi kitini ukurasa ulikuwa wazi, na sauti za madaktari zimejipanga zinamngoja.

Alichapa kama mtu aliyefungwa mikono muda mrefu akafunguliwa. Daktari wa kike mwenye mafua alieleza nyonga ya bibi kizee; daktari mwingine aliyeongea huku anatafuna alieleza figo. Mchapaji hakukosea hata nukta. Nyuma yake, kwenye meza ya kulia chakula, binti yake alikuwa anachora ramani ya shule. Visikizio vilimziba masikio, kwa hiyo hakusikia alipoitwa. Alishtukia mkono begani.

"Mama, imenigeukia."

"Nini imekugeukia?"

Mtoto hakuonyesha kwa kidole. Alionyesha kwa macho tu, kwa kuogopa kuonekana anaonyesha. Juu ya kabati, kichwa cha kamera ambacho siku zote tangu Bawabu aje kilikuwa kimetazama mlango, sasa kilitazama meza ya kulia chakula, penye penseli na kiti kitupu. Kisha, taratibu, kikazunguka tena kumfuata binti mpaka pale aliposimama kando ya mama yake. Kikatulia hapo.

Mchapaji alimvuta mtoto nyuma ya mgongo wake. Akili ilimwambia aende achomoe waya, lakini kwenda kungemwacha mtoto wazi mbele ya kamera. Ni katika hali hiyo Wifi alipofungua mlango. Alimwona mtoto, akaiona kamera, akauona waya uliopita nje ya Bawabu. Hakuvua hata viatu. Alipanda juu ya kiti, akaishika kamera kwa mikono miwili na kuing'oa pamoja na skrubu zake; lipu ikamwagika kabatini. Akashuka, akaenda kwenye kona, akauchomoa waya kwenye rauta. Kwenye skrini ya Mchapaji, ripoti ya figo iliyokuwa inatumwa ikaganda katikati.

Wifi akamwambia mtoto aende chumbani na afunge mlango. Alipohakikisha umefungwa akageuka.

"Nani kauchomoa?"

"Mimi."

"Umemfungulia mlango mtu yuleyule. Kwa mtoto wako mwenyewe."

Mchapaji alijua ni kweli, na ndiyo maana sauti ilimpanda. Alimwambia Wifi kwamba aliyeanza kufunga na kufungua mle ndani ni yeye. Amemuuliza, amembembeleza, amempashia mpaka chai, naye anamwambia ataangalia. Alimwambia ameingia nyumba ya watu na begi moja, akajipa ufunguo, akawageuza wenyeji kuwa wapangaji. Kisha akalisema lile alilolizoea kwenye simu tu, safari hii usoni.

"Wewe kazi huna. Ukaona na mimi nisiwe nayo."

Wifi alikuwa bado ameishika kamera, waya wake unaning'inia. Kule dukani alikotoka, kijana mdogo kuliko viatu vyake vya ofisi alimuuliza umri kabla ya kumuuliza jina, akamwambia watampigia. Alirudi akiwa amejaa mpaka kooni. Pengine siku nyingine angeyameza.

"Muulize aliyeniambia nifunge," alisema.

Bawabu aliendelea kuvuma. Mchapaji aliuliza ni nani huyo, ingawa watu wa kuhesabu mle ndani hawakuwa wengi. Wifi akakaa, akaiweka kamera mezani kifudifudi, akaeleza. Mdogo wake alimfuata uani siku anafua. Alimwambia mkewe amesahau kwamba ana mume. Anarudi nyumbani anakuta mgongo. Kazini wenzake wanamuuliza nani hasa anaendesha kwake. Akamwomba aufunge ukurasa ule mmoja tu, jioni tu, ionekane mtandao ni mbovu, mpaka wenye kazi wachoke wenyewe. Yeye hakutaka ugomvi na mkewe.

"Nilikataa. Akaniambia, dada, kula unakula kwangu."

"Na ukafunga."

"Nikafunga."

"Nikawa nakuuliza, unatazama pembeni."

"Nikawa natazama pembeni," Wifi alisema. "Na sitakudanganya. Baada ya ile ya mwenye mdomo, kuna siku niliona raha."

Mkono wa Mchapaji ulinyanyuka wenyewe. Alikuwa na haki ya kumpiga, na Wifi alikaa vilevile bila kukwepa, kana kwamba naye aliihesabu kuwa haki. Lakini kila alipolenga lile shavu, alimwona mtu mwingine akipuliza chai baridi, na mikono yake mwenyewe ikimkanda mabega. Aliushusha mkono akaufutia kwenye gauni.

"Fungua," alisema.

Wifi alirudisha nyaya zote mahali pake, akachomeka kibodi kwa Bawabu, akaandika, akafuta. Ukurasa ukafunguka. Mchapaji akavaa visikizio akachapa mpaka mwisho, machozi yanamdondokea mkononi na vidole havisimami, kwa sababu kazi ilikuwa ya leo.

*

Dereva aliporudi alikuta lipu imemwagika, kamera mezani, na wanawake wawili wamekaa pande mbili za meza bila chakula katikati. Aliuliza nani amevunja kamera yake.

"Ulimwambia dada yako anifungie kazi?" mkewe akamuuliza.

Dereva alimtazama dada yake. Hakumtazama aliyeuliza, na hilo lilikuwa jibu tosha. Kisha akasema alitaka mkewe apumzike, macho yanamwisha kwa kukodolea skrini.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Akaanza kujieleza. Kwamba mtu akitoka kazini anataka kupokewa. Kwamba hajawahi kumkataza mkewe kitu, na angetaka kukataza angekataza, nani angemzuia. Kwamba ni jambo dogo, limetiwa chumvi. Mchapaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba anayotaka kupokelewa inalipiwa na hizo jioni. Neno ambalo halikuwa likisemwa mle ndani likawa limesemwa, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Dereva alisimama. Mume akiwa hana pa kumshika mke, humshika aliye karibu. Alimgeukia dada yake, yule aliyemshika mkono kumpeleka shule siku ya kwanza, akamwambia amemhifadhi kwake na malipo yake ni kumvunjia ndoa. Kesho atafute pa kwenda. Na hili dude nalo linatoka leo hii. Akaenda kwenye kona, akainama kumbeba Bawabu.

Mchapaji alimsimamia mbele.

"Liache. Ile kamera leo imemgeukia mtoto."

Dereva hakuelewa. Mkewe akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni asiyejua njia: jinsi kichwa kilivyozunguka, jinsi kilivyomfuata binti alipohama, jinsi alivyoogopa hata kunyoosha kidole. Akamweleza kwamba waya aliuchomoa yeye, mama mzazi wa mtoto, na atalala na jambo hilo. Lakini asingeuchomoa kama asingefungiwa. Dereva alikaa chini pale pale karibu na Bawabu. Alisema hakujua. Alilirudia, kwamba hakujua, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja aambiwe si kitu. Hakuna aliyemwambia.

Hata hivyo kwa dada yake hakurudi nyuma. Ameaibishwa mbele ya mkewe, na lazima pawe na mtu wa kuondoka. Mchapaji angeweza kumtetea kwa neno moja tu. Lilimfika ulimini. Akakumbuka nguo zake kwenye mvua, na barua za msimamizi, na chai aliyopasha, akaliacha lirudi lilikotoka.

*

Asubuhi Dereva aliondoka bila kunywa chai. Binti alikwenda shule akiwa amejiviringisha sweta, ingawa jua lilikuwa kali. Wifi akatoka chumbani na begi lake, akaliweka mlangoni, akasema kabla hajaondoka ataacha nywila ya Bawabu, waiandike mahali.

"Sitaki ya kuambiwa," Mchapaji alisema. "Nataka niweke yangu, ambayo wewe huijui."

Wifi aliona ni sawa. Alichomeka kibodi, akamfungulia pa kubadilishia, akainuka kumpisha kiti. Mwenzake alipoanza kuandika, yeye akageuka ukutani mikono nyuma, akasubiri mpaka vidole viliponyamaza. Kisha akamuuliza maswali kadhaa. Umeme ukikatika ukarudi, Bawabu asiamke, atafanya nini? Simu mpya ikija, ataiandikisha wapi? Mtu akimfungia tena ukurasa kwa siri, atamjuaje? Mchapaji hakuwa na jibu hata la moja.

"Basi huondoki," alisema.

"Nimefukuzwa."

"Aliyekufukuza hajui hata waya gani unaingia wapi. Utanifundisha. Nikishajua, utaondoka."

Wifi alilitazama begi lake, akamtazama yeye.

"Hunipendi."

"Sikupendi," Mchapaji akakubali. "Vuta kiti."

Somo halikuwa na raha. Wifi alikuwa mwalimu mkali, asiye na subira, wa kusema "siyo hapo" kabla mtu hajagusa. Mchapaji alikuwa mwanafunzi mbishi, anayeuliza kila kitu mara mbili kwa kuwa haamini jibu la kwanza. Viwiko viligongana, hakuna aliyesema samahani. Mchana walikula kwa zamu ili mmoja abaki na Bawabu. Jioni Mchapaji alipomaliza ripoti zake na kuzituma, alivua visikizio akageuka mwenyewe kwenye kona, na Wifi akasogea bila kuitwa.

Walikuwa katikati ya sehemu ngumu, ile ya kuamua nani aingie na nani arudishwe, Dereva alipofungua mlango. Alilikuta begi la dada yake bado liko palepale, na migongo miwili. Alisimama kidogo. Akakohoa. Akauliza kama kuna chakula.

Shingo ya Mchapaji ilianza kugeuka, kwa mazoea ya miaka.

"Usigeuke," Wifi alisema, macho kwenye skrini. "Ukikosea hapa tunaanza upya."

Mchapaji hakugeuka. Walimsikia akienda jikoni, akifunua sufuria moja, kisha nyingine, akitafuta mwenyewe kilipo.